Kufuli la Stoo ya Mitungi

Ukitaka kumwona Fundi Kufuli akibadilika sura, usimwibie tupa yake wala usimtukane. Mwambie tu, "Subiri kidogo, anakuja." Hapo mashavu yataingia ndani, mkono utasimama juu ya ufunguo anaouchonga, na kama wewe ni mteja mgeni utabaki kujiuliza umekosea wapi. Wateja wa zamani wanalijua hilo neno na wanalikwepa kama shimo la barabarani.

Kibanda chake ni cha mabati, kimebanwa kati ya muuza chaja za simu na fundi viatu. Ubaoni zinaning'inia funguo mbichi ambazo bado hazijachongwa meno, chini kuna kimashine cha kuchongea kinacholia kama mbu mwenye hasira, na mezani kuna makufuli ya watu waliopoteza funguo zao. Shule aliiacha mapema. Lakini kufuli analijua, na kazi yake yote imesimama juu ya imani moja ambayo hakufundishwa na mtu: binadamu hafungi kitu kitupu. Ukiona kufuli, ndani kuna mali. Ukiona makufuli mawili, ndani kuna mali ya wizi.

Mke wake alifariki katika hospitali kubwa ya mji, wodi ya kifua, kitanda cha dirishani. Fundi alikuwa amemwegemeza kifuani pake kwa sababu akilala chali pumzi ilikuwa inakata. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Kila nesi aliyepita alimwambia neno lile lile, "Subiri kidogo, baba, daktari anakuja." Akasubiri. Alikuwa mtu wa kutii bado, siku hizo. Akasubiri mpaka mzigo uliokuwa kifuani pake ukawa mzito kwa namna nyingine, na hakuhitaji mtu wa kumweleza.

Baada ya maziko, mama mmoja mfagiaji wa wodi ile alikuja kutoa pole, akamwaga yote. Kumbe daktari alikuwepo. Alikuwepo tangu mwanzo. Alichoandika ni oksijeni, na mitungi ya oksijeni ilikuwa stoo, mwisho wa korido ile ile, na stoo ilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ameondoka nao mfukoni kwenda mkutanoni.

"Kufuli gani?" Fundi aliuliza.

"La kawaida tu, shemeji. La shaba. Hili la ukubwa wa kiganja."

Kufuli la shaba la ukubwa wa kiganja! Hilo analifungua huku anabishana na fundi viatu habari za mpira. Hilo analifungua kwa kipande cha waya na pumzi moja. Alikuwa pale pale, mume, fundi, mikono miwili mizima, na hakuna aliyefungua kinywa kumwambia kwamba tatizo ni kufuli. Wangemwambia tu! Tangu siku hiyo huo ndio ukawa wimbo wake. Wangeniambia tu. Asubuhi akifungua kibanda, jioni akikifunga. Wakubwa wale na mikutano yao, mashati yao ya kupigwa pasi, wangeniambia tu. Na kichwani mwake alilifungua lile kufuli kila siku ya Mungu, na kila alipolifungua mke wake aliinuka, akafuta jasho, akauliza viatu vyake viko wapi.

Waliachwa wawili, yeye na binti yake. Binti akakua, akamaliza sekondari na alama za kumfanya mwalimu wake amfuate hadi kibandani kumpa Fundi mkono. Anataka udaktari. Hataki kingine. Ila chuo cha udaktari hakichukui mtu kwa alama peke yake. Wameweka sharti: kwanza mwombaji afanye kazi wodini mwaka mzima, bila mshahara, ashike mabeseni, afute matapishi, aone kifo, ili ijulikane kama moyo wake unabeba. Na mwisho wa mwaka mkuu wa wodi atie neno lake kwamba huyu anafaa. Bila neno la mkuu wa wodi, alama zako kafungie vitumbua. Walioketi kwenye viti vya kuzunguka wakapanga sharti hilo, watoto wao wanafanyia mwaka huo kwenye hospitali za wajomba zao, wananyweshwa chai. Binti wa Fundi alizunguka mji mzima. Alikokubaliwa ni mahali pamoja tu: wodi ile ile ya kifua.

"Kwa nini pale?" Fundi aliuliza.

"Ndipo waliponikubali, Baba."

"Pale ndipo walipomuua mama yako."

"Ndiyo maana."

Fundi akachukua tupa akasugua ufunguo uliokuwa umeshakwisha.

Basi mwaka ukaanza. Binti akawa anatoka asubuhi na aproni ya plastiki imekunjwa kwenye mfuko, anarudi jioni ananuka dawa ya kusafishia sakafu. Akipita kibandani fundi viatu hamwachi.

"Dokta! Nina kidonda cha mfukoni, kina mwaka sasa, dawa yake nini?"

"Hicho hakiponi, baba mdogo. Labda tukate suruali."

"Mwanao huyu ataua watu," fundi viatu anamwambia Fundi, na Fundi anacheka, maana kwa mwanawe tu ndipo alipokuwa bado anacheka.

Binti alimsimulia kazi. Jinsi ya kumgeuza mgonjwa mzito bila kumwumiza: goti lako kwanza, mkono baadaye. Jinsi ya kushika beseni mtu akitapika na usikunje uso, kwa sababu mgonjwa anausoma uso wako kuliko anavyosoma cheti chake. Jinsi ya kumkalisha mwenye pumu, uuegemeze mgongo wake kwa mgongo wako kama viti viwili. Machela ya wodi ile ina gurudumu linalovuta kushoto, kwa hiyo unaisukuma kulia ili iende mbele. Fundi alimwambia ailete ailainishe, binti akacheka, "Baba, machela hailetwi kibandani kama baiskeli." Yeye mwenyewe hakutaka kukanyaga kule. Hajakanyaga tangu siku ile.

Wodi ilikuwa na nesi wa zamu waliyemwita Sista Pole, kwa kuwa hata ukimwomba maji atakupa pole kwanza. Na mkuu wao alikuwa Bwana Mafunguo. Jina la utani hilo. Rundo la funguo lilining'inia kiunoni mwake na lilisikika kabla yake, na liliposikika watu walikaa sawa. Siku nyingi halikusikika, kwa sababu siku nyingi Bwana Mafunguo yuko semina.

"Sista Pole ananisifu," binti alisema siku moja huku anavua viatu. "Anasema nina sauti ya kutulizia watu. Sasa hivi ndugu wa wagonjwa nakabidhiwa mimi."

"Unawatulizaje?"

"Naongea nao tu, Baba." Akainama kufungua kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafunguka.

Fundi hakuuliza zaidi. Alipaswa.

Zilikuwa zimebaki wiki chache mwaka utimie simu ilipolia mchana, jua kali, Fundi yuko kwa mteja, anamfungulia mlango.

"Baba, chukua vyombo vyako uje. Wodini. Sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Kufuli, Baba."

Mteja alibaki na mlango wake. Fundi alitupa waya, bisibisi na koleo kwenye mfuko, akadandia pikipiki ya kwanza, na njia nzima alikuwa anamgonga dereva begani kama anabisha hodi. Aliingia kwenye korido ile. Benchi lile lile walilosubiria kitanda yeye na mke wake. Rangi ile ile ya kijani iliyochubuka usawa wa mabega ya watu wanaosubiri.

Mgonjwa alikuwa kijana wa gereji, bado na grisi kwenye kucha, pumu imembana hadi macho yamemtoka pima. Binti alikuwa kitandani nyuma yake, mgongo kwa mgongo, anamshikilia asianguke. Daktari, mwenyewe kijana tu, alikuwa na simu sikioni anapiga, anakata, anapiga. Sista Pole alikuwa anazunguka kitanda. "Pole jamani. Pole, mwanangu. Amezima simu, yuko semina."

"Stoo iko wapi?" Fundi akasema.

Hakuna aliyemuuliza wewe nani. Sista Pole alinyoosha kidole.

Kufuli lilikuwa la shaba. La ukubwa wa kiganja. Fundi alilishika, akalipima uzito kiganjani. Akaingiza waya. Alihisi pini ya kwanza, ya pili, akasikia mlio aliokuwa akiusikia kichwani miaka yote hiyo, na kufuli likafunguka mkononi mwake kama lililokuwa linamngoja. Akausukuma mlango. Na ndani, loo, mitungi imepangwa ukutani, mirefu, imesimama wima kama askari wa gwaride. Fundi akacheka kwa sauti. Alimpisha daktari kama mtu anayemkaribisha mgeni nyumbani kwake.

Daktari akafungua koki ya mtungi wa kwanza. Kimya. Akaenda wa pili, akazungusha. Kimya. Wa tatu. Kwenye wa nne buibui alikuwa ametandaza nyumba yake toka koki hadi ukutani, na daktari akaipasua, akazungusha mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akatega sikio. Hakukuwa na hata mluzi. Akaendelea hadi mwisho wa mstari. Halafu akasimama, akautazama ule mtungi wa mwisho kama anataka kuupiga teke.

"Yote?" Sista Pole aliuliza mlangoni.

Binti hakungoja jibu. Alikuwa amemwegemeza yule kijana kwa Sista na kutoka mbio. Chumba cha upasuaji walikuwa na mtungi wao mmoja, wao hawaazimi mtu, lakini hakuna ajuaye alilia vipi au alipiga magoti mbele ya nani, ila alirudi anausukuma kwenye machela, na mzee wa dawa ya usingizi wa kule nyuma yake anafoka, "Nusu saa! Nusu saa nitaufuata!" Wakamvalisha kijana barakoa. Mabega yake yakashuka. Rangi ikaanza kurudi, kwanza masikioni.

Fundi hakuyaona hayo. Alikuwa bado kwenye mlango wa stoo na kufuli mkononi. Miaka yote hiyo amelifungua kufuli hili na mke wake akainuka. Leo amelifungua kweli, na hakuna aliyeinuka. Siku ile mitungi ilikuwa na kitu au haikuwa na kitu? Kama ilikuwa mitupu, basi hata wangemwambia angefungua, angecheka vile vile, na mama wa watu angekufa vile vile huku yeye anacheka. Hasira aliyoilea miaka yote, aliyoilisha asubuhi na jioni, ghafla haikuwa na mahali pa kukaa.

Funguo zikasikika koridoni.

Bwana Mafunguo alikuja mbio, kadi ya semina bado inaning'inia shingoni, kijasho chembamba kinamtoka. Alitazama mlango ulio wazi, akamtazama Fundi, akaelewa. Hakupiga kelele. Alimvuta Fundi ndani ya stoo, akamwita na binti, akaurudisha mlango.

"Mzee, nani amekupa ruhusa?"

"Na wewe nani amekupa ruhusa ya kufungia mitungi mitupu?"

Bwana Mafunguo alijifuta uso kwa kiganja. "Unadhani napenda? Nimeomba ijazwe mpaka mdomo umeota sugu. Wa juu yangu wananiambia subiri, wa juu yao wanawaambia subiri. Sasa niufanyeje mlango? Niuache wazi? Ndugu wa wagonjwa wakiona hivi watatuvunjia hospitali. Kukiwa na kufuli wanalaumu kufuli. Wananilaumu mimi, wananiita majina, nakubali. Kesho yake wanarudi na mgonjwa mwingine. Wakijua hakuna kitu, watampeleka wapi?"

"Mimi ndiye niliyelaumu kufuli," Fundi akasema.

Yule bwana hakuelewa, na hakuuliza. Alimgeukia binti, na sauti ikawa ya upole, ile ambayo wakubwa wameiweka akiba kwa kazi chafu. "Wewe ni mtoto mzuri. Wodi nzima inajua. Zimebaki siku si nyingi nitie neno langu, na ningependa liwe neno zuri. Mwambie mzee wako afunge kama alivyokuta. Twende tukafanye kazi."

Fundi alimtazama mwanawe. Alikuwa tayari kwa lolote. Mwanawe angemwambia neno moja tu, angetoka koridoni na sauti yake yote akawaita watu wa benchi waje waone. Binti alikuwa anatazama viatu vyake, na nywele zilizoloa jasho zimemganda usoni, na kwa pembeni alikuwa mama yake kabisa.

"Funga, Baba."

"Unasemaje?"

"Nikishakuwa daktari nitaufungua. Nitaongea. Sasa hivi mimi ni nani? Nikiongea sasa hivi ni mshika beseni aliyefukuzwa." Akanyanyua macho. "Funga, tafadhali."

Akafunga. Naam, kwa mikono yake mwenyewe alipitisha upindo wa kufuli kwenye pete, akalibana, likasema *ta*. Hivi ndivyo wanavyofanya wakubwa. Hawaji kukufungia mlango wenyewe wakachafua mikono. Wanakutafutia kile unachokipenda kuliko vyote, wanakishika juu, halafu wanakuomba wewe ufunge.

Siku zilizofuata Fundi aliharibu funguo za watu. Alimchongea mama mmoja ufunguo wa kabati ukawa wa lango.

"Umelogwa?" fundi viatu akamuuliza. "Nyota wa kufuli, leo unakata kama unakata muhogo?"

"Niache."

"Nikuache mara ngapi? Mwanao naye anapita hapa hanitanii. Nimemwambia kidonda cha mfukoni kimepona, hakucheka."

Kilichomla Fundi lilikuwa swali moja. Siku ya mke wake, mitungi ilikuwa na gesi? Asubuhi moja alishindwa, akafunga kibanda, akaenda kumuuliza Bwana Mafunguo uso kwa uso. Alimkuta hayupo. Semina. Akaambiwa asubiri, akaketi kwenye lile benchi ambalo aliapa hatalikalia tena.

Kando yake aliketi mwanaume wa makamo mwenye mikono ya mjenzi, saruji imekauka kwenye kucha. Mapajani alikuwa na viatu vya kike, vya wazi, ameviweka sawasawa, kimoja kando ya kingine.

"Una mgonjwa?" Fundi akauliza.

"Mke wangu. Kifua." Akaonesha kwa kidevu mlango wa wodi. "Tangu asubuhi. Lakini wanamhangaikia, siwezi kulalamika. Kuna binti mmoja hapa, ndugu yangu, ana roho ya peke yake."

Mlango ukafunguka na binti mwenyewe akatoka, aproni imelowa. Hakumwona baba yake. Aliinama mbele ya yule mjenzi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na kwa sauti nzuri, sauti ya kweli kabisa ya huruma, akasema:

"Subiri kidogo, mjomba. Daktari anakuja."

"Ahsante, mwanangu. Ahsante sana."

Ndipo alipogeuza kichwa akamwona Fundi. Walitazamana. Damu ilimwondoka usoni binti, akarudi wodini na mlango ukajirudi wenyewe nyuma yake.

Fundi alibaki akikitazama kiganja cha yule mwanaume, kilichokuwa bado wazi juu ya viatu. Alijua yaliyoko ndani bila kuona. Alijua mwanamke yule ameegemea kitu gani, na midomo ina rangi gani. Alijua pia kwamba akinyamaza siku chache tu, mwanawe anaingia chuo. Siku chache! Mtu hawezi kunyamaza siku chache? Alijaribu. Aliweka ulimi katikati ya meno akaung'ata.

"Ndugu yangu," akasema. "Mtungi wa chumba cha upasuaji uko wapi leo?"

"Sijui hayo. Nimesikia wana operesheni."

"Basi sikiliza. Daktari haji, kwa sababu yupo. Yumo humo ndani na mkeo. Kinachokosekana ni gesi ya kupumua, na hapa hakuna. Mchukue mumpeleke hospitali ya upande wa pili. Sasa hivi."

Mjenzi alimtazama kama anavyotazamwa mlevi. "Wewe ni nani?"

"Ni baba wa yule binti."

"Binti kaniambia nisubiri."

"Najua alichokuambia."

"Na gesi ipo. Stoo si ile pale? Nimeuliza nikaambiwa mwenye ufunguo yuko njiani anakuja." Mjenzi alionesha mwisho wa korido, na kufuli la shaba likawa linang'aa. "Mzee, watu hawafungi kitu kitupu."

Fundi alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, akasimama. Hakuwa na mfuko wa vyombo, lakini waya haukosi kwenye shati lake, kama kalamu kwa karani. Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa stoo. Watu wa benchi waliinuka mmoja mmoja wakamfuata. Kufuli likafunguka, mlango ukafunguka, na mjenzi akaiona mitungi, uso ukamng'aa, akageuka kumcheka Fundi.

"Si hiyo hapo!"

"Fungua koki," Fundi akamwambia. "Yoyote. Fungua usikilize."

Mjenzi aliweka viatu vya mke wake chini kwa uangalifu. Akazungusha koki. Akatega sikio. Akazungusha nyingine. Akatega sikio. Hakumaliza mstari. Alitoka mle ndani akiwa mtu mwingine, akapita katikati ya watu, akausukuma mlango wa wodi kwa bega, na viatu vikabaki pale pale sakafuni.

Yaliyofuata yalikuwa kelele. Sista Pole alikuwa anatoa pole kwa kila mtu na mwisho akajipa na yeye mwenyewe. Daktari kijana hakubisha. Alisema, "Mpelekeni, ndiyo, mpelekeni, nimesema tangu asubuhi." Machela ikatoka, mwanamke ameketi juu yake, na nyuma ya mgongo wake, amepanda machela kwa goti moja, mgongo kwa mgongo, yuko binti. Mjenzi anasukuma. Gurudumu likavuta kushoto, wakagonga ukuta.

"Kulia!" binti akapiga kelele. "Sukuma kulia ndiyo iende mbele! Baba, shika huku!"

Fundi akashika. Walipopita mlango wa stoo ulio wazi binti aliutazama, akatazama watu waliojazana mle wakizungusha koki, kila mmoja anataka kusikia kimya kwa sikio lake. Uso wake ukakunjamana.

"Umenimaliza, Baba," alisema, na mikono yake haikumwachia mgonjwa. "Umenimaliza kabisa. Sukuma."

Langoni walikodi gari la mizigo. Binti akapanda nyuma na mgonjwa. Fundi alibaki na machela tupu, na akiwa bado ameishika, funguo zikasikika. Bwana Mafunguo alikuwa anateremka kwenye gari la semina.

"Siku ya mke wangu," Fundi akamwuliza kabla mwenzake hajafumbua mdomo, "miaka ile, kitanda cha dirishani. Mitungi ilikuwa na gesi?"

Yule bwana alimtazama, akatazama wodi, kelele zinasikika hadi nje. Alionekana amechoka ghafla, kama mtu aliyetua mzigo miguuni pake mwenyewe.

"Mzee, miaka ile sikuwa mimi," akasema. "Mimi nilipokea funguo tu."

Ndilo jibu. Hakuna jingine atakalolipata mpaka afe.

Neno la mkuu wa wodi halikutiwa. Jioni ile ile binti aliambiwa arudishe aproni, na mwaka wake ukawa si mwaka. Gazeti halikuandika, mkubwa hakuitwa mahali. Kwenye mlango wa stoo waliweka kufuli lingine, la chuma, kubwa zaidi.

Binti alikaa siku nyingi hamsemeshi baba yake. Chakula anapika, anafunika, anaenda kulala. Hata fundi viatu aliona, akakaa kimya, na kukaa kimya kwa mtu yule ni ugonjwa. Kisha siku moja mchana binti alikuja kibandani, akavuta kigoda, akaketi. Fundi aliendelea kusugua ufunguo. Aliogopa kusimama.

"Yule mama anapumua," binti akasema. "Nilikwenda kumwona. Anauliza viatu vyake viko wapi."

Tupa ikasimama.

"Viko hapa," Fundi akasema. Alivitoa chini ya meza, vile alivyookota stoo siku ile, vimefungwa kwenye gazeti. Fundi viatu alikuwa amevishona kamba bila kuulizwa.

Binti alivipokea, akaviweka mapajani, kimoja kando ya kingine.

"Kule upande wa pili waliniona siku ile na yule mama, wamesema nije nianze. Mwaka mzima, upya. Kama sijawahi kushika beseni maishani mwangu."

"Mwaka si mwingi."

"Usiseme hivyo. Si wewe utakayeufanya." Akakaza sauti. "Sijakusamehe, Baba."

"Sikukuomba."

Redio ya jirani wa chaja ilikuwa inapiga kelele, ikakata. Binti alisimama, akakunja gazeti lile lile juu ya viatu.

"Na wao wana stoo," akasema.

"Ina kufuli?"

"Ina."

Fundi aliutazama ubao wake wa funguo mbichi, zote zinaning'inia bila meno, zinangoja.

"Siku ya kwanza," akasema, "kabla hujavaa aproni, waambie wakufungulie. Zungusha koki. Sikiliza kwa sikio lako."

"Na nikisikia kimya?"

Fundi akainamisha kichwa, akarudisha tupa kwenye ufunguo, akasugua.